Wavu wa Shaba wa Mukwe Wangu

Mugongo wa mukwe wangu niliujua kabla ya uso wake. Kwetu ni vile. Bwana wa binti yako hakutazami, haongei na wewe, hali mbele yako, na wewe pia humutazami. Mukikutana kwenye njia ya kwenda ziwani, yeye anaingia kwenye majani na kugeuka, wewe unavuta kitenge kichwani na kupita kama unapita karibu na muti. Siku mama wa bibi anapoona kijana amefaa, anapika, anamuingiza nyumbani kwake na kumulisha, na kuanzia hapo wanaongea kama watu. Wengine wanangoja mpaka mutoto wa pili. Mama yangu alimungojesha bwana wangu mpaka akaota mvi za kwanza, na bwana wangu hakulalamika. Mimi si mutu wa kuchezea desturi. Niliichezea mara moja tu, na sababu yake ilikuwa waya.

Kijana huyu alitoka ng'ambo. Mimi pia nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kilwa, si ile ya pwani, nikaolewa hapa Nchelenge, ndiyo maana Kiswahili hakijanitoka hata baada ya miaka yote hii ya kusema Kibemba. Yeye alitoka mbali zaidi, Lubumbashi, na huko alikuwa anasoma mambo ya mwanga kwenye chuo kikubwa. Vita ikafunga barabara, ikafunga na masomo. Akavuka ziwa kwenye boti ya wachuuzi wa samaki na mufuko mumoja wa nguo, bila cheti, bila karatasi yoyote ya kuonyesha alifika wapi. Mukubwa wa sekondari yetu akamupa kazi ya kufundisha hesabu na kuangalia chumba cha vyombo, kile wanaita laboratwari.

Binti yangu alikuwa anafundisha watoto wadogo kwenye shule ya jirani. Siku moja akaniambia, "Mama, kuna mutu."

"Anavua?"

"Havui."

"Analima?"

"Hajui hata kushika jembe."

"Sasa anajua nini?"

Akafikiri kidogo. "Anajua mwanga."

"Mwanga unajulikana na kila mwenye macho," nilimujibu. Lakini binti yangu si mutu wa kuchekacheka ovyo, na tangu kijana yule afike alikuwa anacheka akiosha masahani. Nikakubali. Wakajenga chumba upande wa pili wa kiwanja changu, mulango ukitazama kwingine, kama inavyotakiwa. Kwa karibu mwaka muzima nikaishi na mugongo wake. Ulikuwa mugongo mwembamba, umeinama kidogo, na asubuhi ulikuwa unachota maji bila kutumwa. Hilo niliweka akilini.

Kazi yangu ilikuwa kisense, wale samaki wadogo weupe. Nilikuwa nawanunua pale Kashikishi boti zikifika, nawaanika kwenye muchanga, nawauza kwa mama wa ng'ambo. Karibu na mahali pangu alikaa yaya yangu, dada niliyezaliwa nyuma yake. Yeye alikuwa anafuma na kushona nyavu. Wavuvi wa Kabuta walikuwa wanapita mafundi wengine njiani na nyavu zao mabegani ili kumufikia. Jicho la wavu wake lilikuwa sawa na jicho la jirani yake, na la jirani wa jirani, mpaka mwisho. Akiona fundo limekaa upande, anatetemeka mudomo kama mutu aliyeona nyoka. Nimemuona akifungua wavu wa mutu ambaye hakumuita, wavu ulioanikwa tu ukutani, kwa sababu mustari mumoja ulikuwa umemukera.

Bon, basi. Kabla ya mvua, habari ikafika kutoka Lusaka. Mukubwa wa sekondari alikuwa amewaeleza watu wa chuo juu ya kijana huyu asiye na cheti. Wakajibu kwamba watakuja wenyewe. Kama atawaonyesha kwa mikono yake kwamba kweli alifika pale anaposema alifika, watamuingiza kwenye mwaka ule ule vita ilipomukata. Kama hapana, hawana nafasi ya mutu wa kuanza mwanzo. Binti yangu aliniambia haya huku ameshika tumbo, maana alikuwa na mimba tayari. Aliongea polepole, na nikajua hakuna mulango mwingine waliokuwa wanautegemea.

"Atawaonyesha nini?" nikauliza.

"Wavu," akasema. "Anataka mama mukubwa amufungie wavu."

Yaya yangu akainua kichwa kutoka kwenye sindano yake. "Wavu wa samaki gani?"

"Wa mwanga, mama mukubwa."

Yaya akanitazama mimi. Mimi nikatazama kisense.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mukwe alikuwa amekata waya wa shaba, waya kutoka kwenye mota iliyoungua, vipande vifupi vya urefu wa pingili ya kidole, vingi sana. Alitaka vifungwe kwa uzi mwembamba wa nailoni kwenye fremu ya mbao, kwa safu, kama macho ya wavu. Kila mahali pawe na waya mumoja uliosimama, na nyuma yake waya wawili waliolala, juu na chini, bila kugusana na ule wa mbele. Alikuwa amejaribu mwenyewe na uzi wake umelegea wote. Akafunga mufano wa mahali pamoja tu, akaupa binti yangu, binti yangu akauleta kwa mama mukubwa wake na kusema, "Anasema ufuate mufano."

Yaya akaugeuza mufano mkononi. Wale waya wawili waliolala hawakukaa katikati ya ule uliosimama. Walikuwa wamesukumwa upande, karibu waya uliosimama upite kwenye ncha zao.

"Masikini," yaya akasema. "Ana akili, lakini mikono hana."

Akaanza kazi. Hakugusa wavu mwingine kwa siku hizo, na wavuvi wakamununia. Nilikuwa nikiinuka kutoka kwenye samaki zangu namukuta amesogeza fremu kwenye kivuli, jicho karibu na uzi, ulimi nje kidogo. Ulipoisha, tuliusimamisha juu ya muchanga, jua likapita katikati yake, na shaba ikang'aa safu kwa safu. Wanawake waliokuwa wakigeuza samaki waliacha, wakaja kuutazama. Kila waya uliosimama ulikuwa umegawanya wale waliolala nusu kwa nusu, kama mutu aliyenyoosha mikono sawasawa. Ulikuwa muzuri kabisa. Na ulikuwa na kosa kila mahali, lakini hapo hakuna aliyejua.

Siku mbili tatu baadaye sahani ya mukwe ilirudi imejaa. Bukari, ugali wetu, haikuguswa, samaki hakuguswa. Sahani kurudi imejaa kwa mama mukwe si jambo dogo. Nikamuita binti yangu.

"Ni mugonjwa?"

"Si mugonjwa."

"Nimemukosea?"

"Mama! Hapana. Ni ule muchezo wake wa mwanga. Ameujaribu shuleni, haukubali. Anasema shida ni yake."

Nikatoka nje. Mukwe alikuwa amekaa kizingitini kwake, mugongo kwangu, wavu wa shaba kwenye magoti, akivuta kitu kwa meno. Muchana mweupe, mutu muzima anauma wavu. Binti yangu akasimama katikati ya kiwanja. Alikuwa hatua chache kutoka kwangu na hatua chache kutoka kwake, na sote tulisikiana vizuri, lakini desturi ni desturi.

"Muulize anafungua nini," nikasema.

"Mama anauliza unafungua nini."

Mukwe akauambia ukuta, "Mwambie mama si kitu. Najifunza fundo tu."

"Anasema anajifunza fundo."

"Nimesikia. Mwambie fundo halifunguliwi kwa meno."

"Mama anasema…"

"Nimesikia," mukwe akauambia ukuta tena. "Mwambie asante."

"Muulize kama wavu wa yaya una kosa."

Hapo akaushusha wavu. Nikaona masikio yake yanasogea kama ya mutu anayetafuna, lakini hakutafuna kitu. "Mwambie mama, mikono ile haina kosa."

"Mwambie sikuuliza juu ya mikono."

Binti yangu akageuka huku, akageuka huko, tumbo likimufuata. Mwishowe akasema, "Mimi nimechoka kuwa simu yenu," akaketi chini.

Nikaelewa. Mukwe hawezi kusema kazi ya mama mukwe ni mbaya. Yaya yangu ni mama yake mukwe kama mimi. Hata kama wale watu wa Lusaka wangefika na kumukuta na wavu usiokubali, angewaambia shida ni yake, wangerudi zao, na angebaki na heshima na jembe asilojua kulishika. Nilisimama pale nikikasirika. Sikumukasirikia yeye. Nilifikiri, kijana huyu anameza chuo kizima ili asituvunjie heshima. Si wengi wanaweza. Wengi wangepaza sauti siku ya kwanza.

Nikaenda Kashikishi nikamwambia yaya, "Kesho kutwa namuingiza mukwe."

Sindano ikasimama. "Nani?"

"Tuna wakwe wangapi?"

"Mutoto hata hajazaliwa! Watu watasema tuna njaa ya wakwe."

"Waseme. Nataka kuongea naye."

"Kuongea nini?"

"Juu ya waya."

"Unamuingiza mukwe kwa sababu ya waya?" Akapiga paja. "Mama yetu angetoka kaburini na muti wa kutwangia."

"Akitoka, atakaa ale na sisi," nikasema. "Lete kuku wako mweupe."

Wanawake wakaja na vyungu vichwani. Kulikuwa na maharagwe, na malenge, na majani ya mihogo yenye karanga, na samaki mukubwa wa kukaushwa, na kuku wawili wazima. Tuliimba kutoka mulango wangu mpaka mulango wake na kumuleta ndani amefunikwa kitenge. Akakaa kwenye mukeka, kichwa chini. Nikaosha mikono, nikakata bukari, nikaichovya, nikamupa mkononi. Alikula. Yaya naye akamupa. Ndipo nikamufunua, na mara ya kwanza nikautazama uso wake. Ulikuwa uso wa kijana sana, na macho mekundu ya mutu asiyelala. Inatakiwa mama mukwe aseme neno la baraka. Wanawake wakasogea karibu kulingoja.

Nikasema, "Sasa sema kosa la wavu."

Walipiga kelele za kucheka mpaka kuku wa nje wakakimbia. Mukwe akanitazama, akatazama yaya, shavu limejaa.

"Mama," akasema, "niache kwanza nimeze."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia duniani. Nikampenda hapo hapo, ingawa sikumuonyesha.

Alipomeza, akasema taratibu, kwa adabu, kwamba waya waliolala walitakiwa wakae kando, si katikati.

"Mufano wako ulikuwa umepinda," yaya akasema.

"Ulipinda kwa kusudi, mama."

"Mutu anapinda kitu kwa kusudi?"

"Mimi nilipinda kwa kusudi."

"Na mimi nikanyoosha kwa kusudi! Kazi ya mukwe itoke mkononi mwangu imepinda? Hata ungeniambia ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuambia," akasema. Nao wanawake wakacheka tena, na yaya akacheka, lakini nilimuona kidole chake kinasugua kingine. Alikuwa ameumia.

Mimi nikauliza kwa nini kupinda kunafaa. Sikuwa nauliza kwa heshima tu. Nilitaka kujua kitu kilichonifanya nivunje desturi.

Akatoka nje na wote tukamufuata. Akachukua kopo la maziwa, akalijaza muchanga, akalining'iniza kwa kamba kwenye muti wa kuanikia samaki. Akaanza kulisukuma kwa kidole kimoja, polepole, kila likirudi analigusa tena. Kidole kidogo, kopo zito, lakini baada ya muda lilikuwa linakwenda huku na huku kwa nguvu, karibu limupige yaya.

"Hili ni waya uliosimama," akasema. "Kidole changu ni mwanga. Mwanga nao unasukuma na kurudi, unasukuma na kurudi. Ukikuta kitu kinachocheza kwa mwendo wake, kinaupokea wote, na kwa kucheza kinaurudisha ulikotoka. Nyuma yake hakupiti kitu. Ni ukuta."

Akalisimamisha. Chini ya kopo akafunga kamba ya pili na jiwe dogo. Urefu wa kamba ile aliupima dhidi ya ile ya kwanza mara nyingi, akiongeza, akipunguza, mpaka akaridhika. Akaanza kusukuma kopo tena, kwa kidole kile kile, kwa mwendo ule ule. Tukangoja kopo liende.

Kopo halikwenda. Lilitikisika kidogo, likatulia. Yeye anasukuma, lenyewe limesimama kama limekatazwa. Lakini chini yake lile jiwe dogo, ambalo hakuna aliyeligusa, lilikuwa linacheza huku na huku.

Hakuna aliyecheka. Mwanamuke mumoja akasema, "Ee Yesu."

"Jiwe halijui kidole changu," mukwe akasema. "Linajua kopo tu. Kopo likitaka kwenda huku, jiwe linalivuta kule, kwa nguvu ile ile. Basi kopo linatulia. Na kopo likitulia halizuii tena. Mwanga unapita kama hakuna mutu. Waya waliolala ndiyo jiwe. Mwanga hauwaoni, kwa sababu wamelala na wenyewe unasimama. Wanasikia waya jirani yao tu."

"Na katikati?" yaya akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mukwe akanyoosha mikono yote miwili, akamuomba mwanamuke mumoja avute kushoto na mwingine kuume. Wakavuta. Alibaki palepale. "Katikati ni hivi, mama. Upande huu unavutwa, upande huu unavutwa, hakuna anayekwenda. Wanakuwa majirani wasiosikiana. Lazima mutu avute upande mumoja zaidi."

Nimeanika samaki maisha yangu yote, nimejenga uzio wa kuzuia mbuzi na mbwa. Ninajua ukiongeza muti kwenye uzio, uzio unakuwa muzito. Kijana huyu alikuwa ananiambia kwamba unaweza kuongeza muti kwenye uzio na uzio ukafunguka. Na alikuwa amenionyesha kwa kopo la maziwa. Nililisukuma lile kopo mwenyewe watu walipoondoka. Lilitulia na kwangu pia.

Wavu wa kwanza haukufunguka. Fundo za yaya hazifunguki. Akaanza mupya, na siku za wageni zilikuwa zimekaribia. Sitaisahau ile kazi. Kwa mara ya kwanza nilimuona yaya yangu anafunga kitu na macho yamegeuzwa upande. Anaweka waya kando, mkono wenyewe unaurudisha katikati, anaushika mkono kwa mkono mwingine kama mutoto mutundu. "Umepinda kutosha?" ananiuliza. "Sogeza." "Bado?" "Sogeza, yaya." Anasogeza na kuguna. Wavuvi wakipita, anaufunika kwa kitenge. "Wasije wakasema nimezeeka," akasema. Lakini kila waya aliupinda sawasawa na mwenzake, kwa kijiti kimoja cha kupimia, na ule mupindo ulikuwa sawa kutoka safu ya kwanza mpaka ya mwisho. Mukwe alipoupokea aliupitisha kidole safu kwa safu. Kisha akapiga magoti mbele ya yaya na kupiga makofi, muchana, mbele ya wavuvi wote wa Kashikishi.

Wageni walikuwa wawili, muzee mumoja aliyelala kwenye kiti, na mwanamuke mufupi mwenye miwani, ambaye ndiye aliyekuwa anauliza. Mukubwa wa sekondari alituruhusu tukae nyuma, mimi, yaya na binti yangu, ambaye alikuwa anatutafsiria Kiingereza sikioni. Juu ya meza kulikuwa na kisanduku chenye mudomo kama wa tarumbeta. Kilikuwa kinatoa mwanga ambao jicho halioni, ndugu wa ule unaoleta redio. Upande wa pili kulikuwa na tarumbeta nyingine inayoupokea, na saa yenye sindano moja. Mwanga ukifika, sindano inapanda.

Mukwe akaweka katikati fremu yenye nailoni tupu. Sindano ikabaki juu. Akaweka wavu wa kwanza, ule ulionyooka. Sindano ikaanguka chini kama mutu aliyevunjika muguu. Akauondoa, akaweka ule uliopinda. Sindano ikapanda.

Nilikuwa nimeelezwa, nilijua itapanda, na bado nilimushika yaya bega.

Mwanamuke mwenye miwani hakufurahi. Akakunja uso. "Huu wa pili una waya kidogo zaidi," binti yangu akatafsiri. "Anasema ni rahisi kupitisha mwanga kwenye wavu wenye waya kidogo."

Mukwe hakujitetea. Alichukua nyavu zote mbili, akampa. Mwanamuke akaziweka moja juu ya nyingine kwenye dirisha. Safu kwa safu, macho kwa macho, uzi kwa uzi, zilikuwa sawa. Ziliachana kwa kitu kimoja tu, kule kusogezwa kando. Akazitazama muda murefu. Kama mukwe angefunga mwenyewe kwa ule uzi wake uliolegea, yule mama angesema ni uzi. Na kama yaya asingenyoosha ule wa kwanza, kusingekuwa na wa kulinganisha. Mukwe alikuwa amepanga kuleta mumoja. Nilimuangalia yaya. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Mwanamuke akavua koti. Akaweka wavu mwenyewe, akautoa, akaweka mwingine, akaugeuza nyuma mbele. Akauzungusha mpaka waya uliosimama ukalala na waliolala wakasimama. Yule muzee aliamka. Mwanamuke akamuuliza mukwe maswali mengi, mukwe akajibu, mara kwa Kiingereza chake kibaya, mara kwa choki ukutani. Ukuta ukajaa. Binti yangu aliacha kutafsiri, akasema tu, "Sijui tena, mama, lakini hajakwama." Alikuwa ananibana mkono mpaka unauma.

Swali la mwisho alilitafsiri. "Anauliza, kama waya waliolala wangesogezwa kidogo tu, si mbali kama hapa, ingekuwaje?"

Mukwe akafikiri. Akafuta sehemu ya ukuta kwa kiganja, akaandika upya. "Anasema, mwanga ungepita bado, lakini kupitia dirisha jembamba zaidi. Anasema jembamba ni bora, kwa sababu unachagua mwanga gani upite na upi ukatazwe. Kwa kusogeza waya tu unaamua."

Yule mwanamuke akamutazama, akatazama ukuta, akamuchukulia choki, akaiweka mezani. Akasema maneno machache. Binti yangu hakutafsiri. Aliinama akafunika uso kwa kitenge, na mabega yakatikisika.

"Amesema nini?" yaya akauliza kwa sauti, chumba kizima kikageuka. "Wamemukataa?"

Mukwe ndiye aliyejibu, kutoka mbele, kwa Kiswahili, moja kwa moja kwetu. "Wamenipokea, mama. Mwaka ule ule."

Sikupiga kelele, si kawaida yangu. Nilisimama nikafunga kitenge vizuri, nikamwambia yule mama mwenye miwani, kwa Kibemba, kwamba anapata mutu anayejua mwanga. Sijui kama alisikia. Aliinamisha kichwa.

Tuliwaacha binti na bwana wake na wageni, tukarudi Kashikishi, maana samaki walikuwa kwenye muchanga na wingu lilikuwa limeanza kusimama juu ya ziwa. Tukatembea haraka. Nilikuwa nikiwaza juu ya yule kijana, jinsi alivyofuta ukuta kwa kiganja bila woga, kama mutu anayefuta meza yake mwenyewe. Yaya alikuja nyuma akisugua kidole kwa kidole. Tulipokaribia boti, akasimama.

"Amesema dirisha jembamba ni bora?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa hiyo walitakiwa wasogee kidogo tu."

"Yaya, amepita. Imeisha."

"Nilipinda sana," akasema. "Nilijua. Mkono uliniambia." Akaongeza mwendo kuelekea mahali pake, akatafute mbao za fremu nyingine, na mimi nikabaki nakusanya samaki peke yangu.